Koti Lililokataa Kuinua Mkono

Naandika haya nimesimama. Mke wangu Rukia ameniwekea kiti mara mbili, na mara mbili nimekisogeza kando. Kukaa sikukuweza hata nilipokuwa kijana, na fundi cherehani asiyeweza kukaa ni kichekesho. Miaka arubaini na ushei nilikanyaga cherehani hapa Lamu, na sidhani nilimaliza nguo hata moja bila kuinuka kwenda mlangoni kuona nani anapita. Basi mtanivumilia. Nikirukaruka, rukeni nami.

Kilichonichokoza ni mjukuu wangu, Salma. Amepata kazi ya ofisini, ile ya kukaa mbele ya watu, na ameambiwa aje amevaa rasmi. Msichana ana mwili, mashaallah, kama bibi yake. Wiki iliyopita alirudi kutoka Mombasa na mfuko mzima wa nguo, akazimwaga kitandani. Moja inambana kifua. Nyingine imemmeza mabega. Ya tatu ina maua makubwa kama pazia la sebuleni. "Babu," akaniuliza, "wenye miili kama mimi huwa hawaendi kazini?" Kesho yake akaenda kwa fundi kijana hapa jirani, akamwonyesha picha ya koti kwenye simu. Kijana akampima, Salma kasimama wima, dakika moja hata haikutimia, kisha akakata.

Koti limekuja. Salma kalivaa, kajitazama kwenye kioo, kalivua polepole, kalikunja. "Labda ni mwili wangu, Babu," akasema.

Hapo nilitoka nyumbani bila kuaga. Nilikwenda hadi gatini, nikarudi, nikaenda tena. Nyinyi mafundi vijana mtadhani nimemkasirikia mwenzenu. Sivyo. Koti lile nalijua mshono kwa mshono, kwa sababu wa kwanza kulishona katika mji huu ni mimi, na maneno yale ya Salma niliwahi kuambiwa na mwanamke mwingine, nami nikanyamaza.

Ilikuwa miaka ya sitini, bendera mpya haijapauka bado. Nilikuwa na miaka minane kazini katika duka la ami yangu, Fundi Athmani, ndugu ya baba. Ami alikuwa mtu mnene, mnene hasa, akikaa kwenye mkeka lazima aachiwe nafasi ya watu wawili. Alishona kanzu tu. Suruali aliziita mifuko miwili iliyogombana. Alisema machache kwa kuwa mdomo wake daima ulikuwa na tambuu, na alichokisema kilikuwa chanikera, maana mimi kanzu zilikuwa zimenichosha roho.

Kwa asiyejua, kanzu ni vipande. Kuna badani, kipande cha mbele na cha nyuma. Kuna taharizi, vile vipande virefu vya ubavuni vinavyoshuka kutoka kwapani hadi chini. Kuna kaba, shingoni. Na kuna kikwapa, kipande kidogo cha pembe nne, hakizidi kiganja cha mtoto, kinachopachikwa chini ya mkono. Kikwapa kinasumbua. Kina pembe nne na kila pembe yataka kukutana na mshono mwingine palepale, ikikosea kidogo tu nguo inakunja uso. Nilishona vikwapa mamia, nikivilaani kimoja kimoja.

Mimi nilitaka suti. Nilikuwa na karatasi ya kukatia koti la kike, niliyopewa na fundi mmoja Mombasa, nikaitundika ukutani juu ya cherehani yangu. Ami kila akiipita huiita karatasi ya halua, ya kufungia tu. Nilikuwa naingoja siku moja tu, mtu aingie aseme, "Nataka koti." Kila kivuli kikipita mlangoni, mguu wangu unaachia kanyagio.

Siku hiyo ikaja, na aliyeingia ni Mwalimu Wakesho.

Alikuwa Mtaita, mwenyeji wa milimani, Mkristo, akifundisha wasichana katika shule ya serikali hapa mjini. Mrefu, mpana, mwenye mwendo wa kujiamini. Wanawake wa mtaani walikuwa wakimwona wanasema, "Huyu kajaaliwa," kwa maana hapa kwetu unene wa mwanamke ni sifa, bi harusi hulishwa ili aupate. Lakini nguo za kazi hazikukatwa na bibi zetu. Zilitoka mbali, na huko zilikotoka walikuwa wakiwaza mtu mwembamba.

"Fundi," aliniambia, "nimekwenda Mombasa. Nguo zilizoshonwa tayari zinaishia kabla yangu. Zinazonitosha ni za mabibi wazee, ukivaa unaonekana unakwenda matangani. Na fundi wa suti wa kule, bei yake ni ya mabwana wakubwa. Nina kitambaa hiki."

Akatoa gabadini ya kijivu, nzuri, imekunjwa kwenye gazeti. Alikuwa ameikusanyia pesa kwa muda, ilijionyesha kwa jinsi alivyoishika.

"Ni ya sherehe?" nikamuuliza.

"Ni ya kazi. Mwezi ujao anakuja afisa wa elimu kutoka Mombasa kuniangalia nikifundisha. Nafasi ya mkuu wa shule ya wasichana iko wazi. Mara iliyopita aliandika kwamba mwalimu ana bidii lakini mavazi yake hayana nidhamu." Akacheka kidogo, kicheko kisichofika popote. "Nguo zangu zinabana, Fundi, zinapanda. Nikikosa mimi wataleta mwanamume. Na wazazi wa hapa wameshanieleza waziwazi: akija mwanamume, wasichana wakubwa wote watabaki nyumbani. Ninao kumi na wanane."

Basi jueni kilichokuwa mezani pale. Halikuwa koti tu.

"Nipime," akasema, akainua mikono.

Nami nikatazama nje. Mlango wa duka uko kwenye njia nyembamba, mabega ya wapita njia yanakaribia kugusana, na kila anayepita anasalimu. Fundi mwanamume kumpima mwanamke, amzungushie futi kifuani mchana kweupe! Haikuwa desturi. Desturi yetu ilikuwa hivi: mwanamke hupimwa ndani na mwanamke mwenzake kwa uzi, na uzi hutiwa mafundo. Fundo moja kifua, mawili kiuno, matatu nyonga. Uzi unaletwa dukani umefungwa kitambaani, na fundi anashona mtu asiyemwona. Nguo za nyumbani zilikuwa pana, kwa hiyo uzi ulitosha.

"Mimi si wa buibui, Fundi," Wakesho alisema. "Nipime mwenyewe upate ya hakika."

"Mke wangu atakupima, Mwalimu. Ni yaleyale," nikajibu.

Hayakuwa yaleyale. Rukia alinisimulia baadaye: alipozungushiwa uzi, Mwalimu alisimama kama askari kwenye gwaride, mikono imebanwa mapajani, tumbo limeingizwa, pumzi zimezuiwa. Mwanamke aliyechekwa madukani akiona futi hujibana, vijana, hilo liwekeni kichwani. Uzi ulioletwa kwangu ulikuwa wa mwanamke ambaye hapumui.

Nikakata. Karatasi yangu ya Mombasa ilikuwa ya mtu mwembamba, nami nikafanya anavyofanya kila asiyejua: niliongeza vidole viwili pande zote. Mabegani vidole viwili, shingoni viwili, tundu la mkono nikalishusha chini na kulipanua, nikijiambia mtu mnene anahitaji nafasi. Nilikuwa siwezi kutulia kwa furaha. Nikipiga bandi, ule mshono wa muda, nainuka, narudi, nalitazama kutoka mbali, nawaita wapita njia walione.

Ami alilikuta limetundikwa. Akalitazama, akashika tundu la mkono kwa vidole viwili, akaliachia.

"Hili ni koti la maiti," akasema. "Lasimama. Haliendi."

Nilimwona ana wivu. Kweli kabisa, nilidhani mzee ananionea wivu kwa sababu ya kola. Nikaenda kulipiga pasi.

Wakesho alipolivaa, ndani kwa Rukia, alisimama mbele ya kioo na Rukia akapiga kigelegele nikakisikia hadi dukani. Amesimama, lilikuwa koti zuri. Hata leo nasema lilikuwa zuri. Hatukumwambia akae. Hatukumwambia ainame. Hakuna aliyemwambia ainue mkono.

Siku ya afisa sikuweza kukaa dukani. Nilijisingizia napeleka nguo, nikajikuta kando ya ukuta wa shule, mahali ambapo dirisha huachwa wazi kwa joto. Afisa alikuwa ameketi nyuma na daftari lake. Wasichana wamekaa wima. Wakesho akachukua chaki, akageukia ubaoni kuandika tarehe juu kabisa, kama alivyozoea.

Mkono ulipanda, na koti lote likapanda nao. Sketi ikabaki kule chini, kola ikamfika masikioni, mkono ukagota nusu njia. Alikuwa ameshaandika siku, bado mwezi. Akausukuma. Nikausikia mshono ukifumuka, nje kule niliko, kutoka kwapani mpaka kiunoni, na weupe wa shimizi ukaonekana.

Msichana mmoja alicheka akajizuia. Wakesho alishusha mkono, akabana kiwiko kwenye mbavu, akaendelea. Nusu saa nzima alifundisha hesabu amebana kiwiko, akiandika chini ya ubao amejikunja, na alipojikunja zaidi kifungo cha kifuani kikaruka. Hakukiokota. Afisa alikuwa anaandika. Mimi nilikimbia, sina la kuficha, nilikimbia kama aliyeiba.

Afisa alisema atarudi mwisho wa muhula, aamue.

Kesho yake Wakesho alikuja dukani na koti amelikunja vizuri kwenye gazeti lilelile. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Angenitukana ningepumua.

"Fundi, si kosa lako," akasema. "Ni mwili wangu."

Ami alikuwa pale. Alinitazama, akitafuna. Nami nilijua, wallahi nilijua tangu pale dirishani kwamba kosa ni langu, na ulimi wangu ulikuwa mzito kama pasi. Nikalipokea koti. Nikasema, "Nitaona la kufanya, Mwalimu." Hilo ndilo nililolisema.

Naomba nipumzike kidogo na aibu hiyo niwaambie mambo mawili matatu ya kazi, maana yananisumbua mkononi. Koti la mwenye kifua, kifungo cha kwanza kupangwa ni kile cha pale kifua kinapojaa, si cha shingoni. Kipange hapo, halafu vingine vifuate juu na chini, hutaona tena vile vidirisha vya kuchungulia katikati ya vifungo. Mkanda wa sketi utie lastiki nyuma peke yake. Mbele uache umelala sawa, mtu akishiba haumsemi. Kwenye kila mshono wa ubavuni ficha akiba ya vidole viwili, kwani mwili wa mtu si mlango, haukai kipimo kimoja mwaka mzima. Na maua makubwa muwaachie wenye mapazia. Niliwahi kumshonea nesi mmoja aliyekuwa akienda Kizingitini kila wiki, mnene na mwepesi wa miguu, akalalamika kwamba sketi ya kazi inamfanya avushwe mashuani kama gunia, anabebwa na mabaharia. Nilimtilia marinda mawili nyuma, yamelala, hayaonekani mpaka apige hatua. Aliporudi alinieleza alivyoruka mwenyewe mbele ya mabaharia wote, akanionyesha pale pale dukani, akagonga kichwa kwenye kizingiti cha juu. Lakini hayo ni ya baadaye, nilipokuwa nimeshapata akili.

Wakati ule sikuwa nayo. Wiki zilikuwa zinakwisha na koti liko kwenye gazeti chini ya meza, kila nikinyoosha mguu naligusa. Nilijaribu kuliziba, nikalifumua. Nikaanza kumkosesha Rukia raha kwa kwenda na kurudi ndani ya nyumba, mpaka akanifukuza na ufagio. Mdogo wake Rukia, Zuhura, alikuwa mmoja wa wale wasichana kumi na wanane, mkubwa wao. Siku moja alikuwa kwetu anakula, akaanza kumhadithia dada yake.

"Mwalimu siku hizi huandika tini tu," akasema. "Nusu ya juu ya ubao haigusi kabisa. Ile tarehe ya siku ya mgeni ingaliko palepale, haina mwezi. Sisi wa nyuma husimama ndipo tuone."

"Si mumwambie aandike juu?" Rukia akamuuliza.

"Nani atamwambia? Akiinua mkono kidogo hujitazama kwapani."

Nikaacha chakula. Rukia akaniita, sikugeuka.

Adhuhuri ya kesho yake nilikuwa msikitini, safu ya pili, na ami amesimama mbele yangu kidogo upande wa kulia, kwa upana wake. Imamu akatoa takbira. Watu wakainua mikono hadi masikioni. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilikuwa simo katika sala, nilikuwa katika kwapa la ami yangu.

Kwa sababu mikono yake mikubwa ilipanda mpaka masikioni na kanzu haikupanda. Pindo lilibaki palepale juu ya kifundo cha mguu. Akarukuu, mgongo ule mpana ukalala kama meza, na hakuna kilichovutika. Akasujudu, akainuka, akainua mikono tena. Mtu mara mbili ya Wakesho, na mshono hauna habari naye. Kila akiinua mkono, kule kwapani kilikuwa kikifunguka kipande kidogo cha pembe nne, akishusha kinajikunja na kujificha.

Nilitoa salamu sijui nimesali rakaa ngapi. Ilibidi nisali upya. Ami akatoka, keshatia tambuu mpya mdomoni, akanikuta nje namngojea, nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Ami, kikwapa," nikasema.

"Kimefanya nini?"

"Ndicho kinachoinua mkono."

Ami akaitema ile tambuu, jambo ambalo hakulifanya ovyo.

"Miaka minane washona zikwapa," akasema, "na kitwa chako hakikuuliza ni za nini? Kanzu hukatwa kwa mtu wa kusali, mwanangu. Yuwainuka, yuwainama. Wewe wakata kwa mtu wa kupigwa picha." Kisha akaanza kwenda, akageuka. "Na lile tundu la mkono, lipandishe. Umelishusha hata limekuwa la punda. Likiwa tini, mkono wapanda na koti zima. Likiwa juu, wapanda mkono peke yake. Haya, ndoo twende, wasimamia nini?"

Alinipa kanzu yake kuukuu niifumue. Niliifumua kipande kwa kipande, nikaitandaza chini, na kwa mara ya kwanza niliisoma nguo niliyokuwa naishona miaka yote ile. Mapana ya mtu mnene hayakuwa yamewekwa mabegani. Mabega yalikuwa yake ya kweli, madogo kuliko nilivyodhani. Upana wote ulikuwa umepewa taharizi, ubavuni, unaanza mwembamba kwapani na kufunguka kila unaposhuka. Ukimpanua mtu pande zote sawasawa unamfanya jitu. Ukimpanua pale alipopanuka, anakuwa yeye.

Sasa kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, kipimo. Nilimtuma Rukia shuleni kwa Wakesho, na safari hii nikamwambia asimpime amesimama. Ampime akiandika. Ampime ameketi. Ampime ameinama juu ya dawati la mtoto. Na uzi usifungwe fundo mpaka Mwalimu acheke, kwa kuwa mtu hawezi kucheka huku amezuia pumzi. Kazi hiyo ilikuwa ya asubuhi moja. Rukia, ambaye kwao hakupelekwa shule, alikwenda siku tatu, akakaa nyuma na uzi wake mapajani. Sikumuuliza kwa nini, naye hakunieleza.

La pili, kitambaa. Gabadini ya kijivu haikubaki ya kutosha kutoa taharizi wala vikwapa, na Wakesho hakuwa na nyingine, wala mimi sikuwa na ya kufanana nayo. Nilikuwa na mabaki ya drili ya buluu iliyokoza, niliyoshonea sketi za sare. Bei yake haikuwa kitu. Mwanzo nilitaka kuificha, niipachike ndani ndani isionekane. Nikaishona, nikaifumua. Nikaishona tena, nikaifumua. Mara ya tatu nikachoka na kujificha. Nikaitia wazi: kijivu mbele na nyuma, buluu ubavuni kutoka kwapani hadi chini, nikapiga mshono wa juu kwa uzi wa buluu ili kila mtu aone kwamba ndivyo nilivyotaka. Nikafunika na mifuko kwa buluu hiyohiyo. Nilipolitundika nikarudi nyuma, nikaona jambo ambalo sikulipanga: ile buluu ya pembeni inalishika jicho katikati, mwenye koti anaonekana mrefu, amenyooka, ana kiuno. Nikalizunguka na kulizunguka mpaka ami akaniambia nitatoboa sakafu.

Nililipeleka mwenyewe, siku moja kabla ya afisa. Wakesho alinipokea barazani kwake. Alilishika, akageuza upande wa buluu, akagusa kile kikwapa kwa kidole gumba.

Nilikuwa na maneno yamenikaa kooni tangu siku ya gazeti. Miguu yangu ilikuwa imeshageuka kwenda zake. Nikairudisha.

"Mwalimu," nikasema, "haikuwa mwili wako. Ilikuwa ni mimi. Sikujua kukata, na nilipojua nimekosa sikusema."

Hakunitazama. Aliendelea kugusa kile kipande.

"Nilijua, Fundi," akasema. "Nilikuwa nakungoja useme. Maana ulivyonyamaza, nilianza kuamini nilichokisema mwenyewe."

Vijana, nimeshona nguo za mawaziri. Nimeshona kanzu za maharusi walioko makaburini sasa. Hakuna neno la mteja lililonikaa kama hilo, na nimelibeba hadi leo nikiwa nimesimama hapa.

Siku ya afisa nilikuwa tena kwenye ukuta. Msiniulize. Ami mwenyewe alisema ana haja na hewa, nikamwona upande wa pili wa njia anajifanya anasoma tangazo, naye herufi za Kizungu hazijui.

Afisa kaketi nyuma. Wakesho kaingia na kijivu chake na buluu yake, na wasichana wakatazamana. Akachukua chaki. Akaanza kuandika chini ya ubao, kule kwa mazoea ya wiki zote zile. Akaandika neno moja. Akaacha.

Akatazama juu. Ile tarehe ya mwanzo ilikuwa bado iko, siku bila mwezi.

Mkono ukapanda. Kola haikutikisika. Mabega yalibaki mahali pake, pindo la koti likabaki palepale nyongani, na kwapani kikafunguka kipande cha buluu kidogo, kikanyooka. Akaifuta tarehe ile yote kwa mpapaso mmoja. Akaandika mpya, juu kabisa, siku na mwezi na mwaka, hakuacha kitu. Na wasichana wote kumi na wanane, waliozoea kuinamisha shingo, wakainua videvu kwa pamoja.

Upande wa pili wa njia ami aliniita kwa kichwa.

"Hili laenda," akasema, akarudi dukani.

Nafasi aliipata. Zuhura na wenzake walibaki shule mpaka wakamaliza. Haukupita mwezi makarani wawili wa kike wa ofisi ya wilaya wakaja kuuliza lile koti la mtindo wa Nairobi lenye buluu ubavuni, na mimi nikawaambia ndiyo, ni la Nairobi, maana ningesema ni kanzu ya ami yangu iliyogeuzwa wasingelichukua. Ile karatasi ya halua niliishusha ukutani. Ami aliifungia tambuu.

Sasa nirudi kwa huyu mjukuu wangu, maana tangu asubuhi Rukia ananichungulia kuona kama nimemaliza. Salma aliposema labda ni mwili wake, niliwaambia nilitoka bila kuaga. Nilikwenda gatini mara mbili. Mara ya tatu sikufika. Niligeukia kwa yule fundi kijana, nikamkuta amevaa visikizio, nikamwambia alete mkasi wa kufumulia aje nyumbani. Alidhani namwita kumkaripia. Tulikaa, yaani yeye alikaa, tukalifumua lile koti pamoja, na nikamwonyesha kanzu yangu ilivyokatwa. Anazo akili zaidi yangu, yeye aliuliza kikwapa ni cha nini siku hiyohiyo. Na alipokuwa anapachika pembe ya nne nikamwita Salma, nikamwambia kijana aseme, naye akasema kwa mdomo wake kwamba kosa lilikuwa la koti.

Leo amelivaa kwenda kazini. Akasimama mlangoni anangoja nimwambie amependeza, kama walivyo wasichana.

"Inua mkono," nikamwambia.

"Babu, nimechelewa."

"Inua."

Akainua mkono, akaugusa mwimo, akavinyoosha vidole hadi juu kabisa ya mlango, pale ambapo mimi sijafika tangu mgongo uiname. Akabaki hivyo, kidevu juu, akinitazama na kucheka, anapumua.

"Haya," nikasema. "Nenda kazini."